Oili Nzito Si Nguvu ya Injini

Miongoni mwa madereva wa jeshi na wa polisi imeenea imani moja ambayo imekaa muda mrefu hata ikageuka kuwa kama amri, nayo ni hii: kwamba oili kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyoilinda injini, na kwamba nchi zetu hizi za jua kali hazistahili oili nyepesi. Dereva huichovya oili kwa vidole, akaisugua, na akiiona inavutika kama asali huridhika. Akiiona inatiririka upesi husema kwamba muuzaji amemwibia. Imani hii ilikuwa na chembe ya ukweli katika zama za Land Rover za kale. Lakini leo, ambapo katika uwanja mmoja wa magari huegeshwa lori la Kirusi, pikapu ya Kijapani, pikipiki ya doria na gari jipya la wagonjwa, imani hiyo hiyo inaua injini. Na injini inayokufa usiku njiani huwaacha watu gizani, mbali na kambi, pengine na majeruhi wamelala nyuma.

Liko jambo la pili lililotusukuma kuandika. Injini inapovunjika, uchunguzi huanza kwa dereva. Huulizwa kama aliangalia oili asubuhi, huulizwa alikwenda mwendo gani, na jina lake huandikwa kwenye shitaka. Ni mara chache kuulizwa ni nani aliyechagua pipa lile lililokuwa ghalani, na ni namba gani zilizoandikwa ubavuni mwake. Dereva hutia anachopewa. Kwa hiyo makala haya yanawahusu madereva, lakini yanawahusu zaidi watunza ghala, mafundi wakuu na maofisa wanaotia sahihi karatasi za kuagiza vifaa.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Madereva husema "uzito" wa oili, na wataalamu husema mnato. Si uzito wa kupimwa kwa mizani. Uji mzito na uji mwepesi vikiwekwa katika vikombe viwili vyaweza kukaribiana kwa kilo, lakini ukiviinamisha vikombe hivyo kwa pamoja utaona ni upi unaotangulia kumwagika. Huo ndio uzito tunaouzungumzia hapa: ukaidi wa oili kutiririka.

Ukaidi huo una kazi yake. Katika mwaka wa 1883 mhandisi wa Kiingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akizijaribu beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, na ekseli ilipozunguka akashangaa kuona oili inapanda na kumwagika kwa tundu lile lile. Akaliziba kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa nje polepole. Hatimaye alifunga geji, na geji ikapanda kupita ratili 200 kwa kila inchi ya mraba. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka wa 1886, mtaalamu Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu sababu ya jambo hilo. Chuma kinachozunguka huikokota oili na kuiingiza mahali penye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, kama kabari inavyopigiliwa katika gogo, na oili hiyo huliinua chuma na kulibeba. Katika injini iliyo nzima, krenki haikanyagi beringi. Huelea juu ya utando wa oili ambao ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu.

Kabari hiyo hutegemea mambo matatu: mwendo wa kuzunguka, mzigo unaobebwa, na uzito wa oili. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, mzigo huikamua ikatoka, na chuma hukutana na chuma. Hapo ndipo imani ya madereva ilipochipuka, na hapo haikukosea. Wanachosahau ni upande wa pili. Oili iliyo nzito kupita kiasi haipenyi kwa wakati katika nafasi ambazo mtengenezaji alizipima kwa sehemu za mia za milimita. Huchelewa kufika juu kwenye vali na kamshafti. Huikinza pampu, na vali ya usalama ya pampu hufunguka na kuirudisha sehemu ya oili chini kwenye bakuli kabla haijafanya kazi yoyote. Nayo yenyewe, kwa kusuguana ndani kwa ndani, huongeza joto na kula dizeli. Dereva atazame geji, aone mshale umesimama juu kabisa, afurahi! Geji hupima shinikizo. Haipimi ni oili kiasi gani inayofika mahali inapohitajiwa. Maji yanayopita katika mpira uliobanwa nayo yana shinikizo kubwa, ila ndoo haijai.

Sasa tuzitazame namba. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, kilitoa mpango wake wa kwanza wa kuzigawa oili kwa uzito mwaka wa 1911, na mpango huo, baada ya marekebisho mengi, ndio unaosomwa juu ya makopo ulimwenguni kote. Chukua kopo lililoandikwa 15W-40. Namba ya kwanza huonyesha jinsi oili inavyokwenda ikiwa baridi; namba ya pili huonyesha ilivyo injini inapokuwa imepata moto. Herufi W wengi hudhani ni ya uzito. Sivyo: ni herufi ya kwanza ya jina la Kiingereza la majira ya baridi kali.

Baridi inayokusudiwa si ya kwetu. Oili ya 15W hujaribiwa kama inaruhusu injini kuzungushwa na stata katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Ya 20W, nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya 5W, nyuzi 30 chini ya sifuri. Wanajeshi wa Ujerumani waliofika karibu na Moscow katika majira ya baridi ya mwaka 1941 waliifahamu maana ya namba hizo kabla ya kuwekwa katika vitabu walivyokuwa navyo. Oili iliganda ndani ya injini, na askari wakalazimika kuwasha mioto chini ya magari na vifaru ili viweze kuwaka. Hapa Uganda barabara zetu hazina baridi ya namna hiyo.

Kwa hiyo kuna wanaosema kwamba namba ya kwanza haina kazi kwetu. Hapo tunatofautiana nao. Oili haikai nyepesi mpaka siku ya theluji, kisha ikawa nzito kwa ghafula. Huongezeka uzito hatua kwa hatua kadiri inavyopoa. Oili ya 15W-40, katika joto la nyuzi 40 tu, huwa na kipimo cha takriban sentistoki 110, ilhali oili ya namba moja, yaani 50 tupu, huwa na takriban 220. Hiyo ni mara mbili. Alfajiri ya Kabale, ambapo joto laweza kushuka hadi nyuzi 10 au karibu yake, oili zote mbili huwa nzito zaidi kuliko hivyo, na ile ya 50 hubaki nyuma sana. Kikosi kinachoamriwa kutoka mara moja hakina muda wa kungoja. Dereva hupiga stata, hukanyaga mafuta, na gari huruka langoni. Katika sekunde hizo za mwanzo tabochaja na kamshafti vinazunguka juu ya mabaki ya oili ya jana. Ndiyo maana namba ndogo mbele ya W ni faida hata mahali pasipo theluji, maadamu namba ya pili haibadiliki.

Namba ya pili ndiyo yenye neno kubwa. Hupimwa katika nyuzi 100 za Sentigredi. Oili ya 30 huwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40, kati ya 12.5 na 16.3, ya 50, kati ya 16.3 na 21.9. Tazameni basi: ile oili ya 15W-40 iliyokuwa 110 katika nyuzi 40 imeshuka hadi 14 hivi. Hata ile iliyoonekana nzito kama asali vidoleni huwa nyepesi ndani ya injini inayofanya kazi, na kwa hiyo kuipima oili kwa vidole uwanjani hakumwambii mtu lolote juu ya hali yake katika mlima.

Na joto la nchi? Hapa ndipo ubishi huwa mkali katika mabanda ya magari. Askari wetu waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2007 walirudi na hadithi za joto la Mogadishu, na wale wa Karamoja wana zao. Lakini injini yenye rejeta safi, feni nzima na thamostati inayofanya kazi hujitunzia joto lake. Maji yake huwa karibu na nyuzi 90, yawe yanapita Kabale au Kotido. Oili yake hufuata, ikazidi kidogo. Jua la nje likiongezeka kwa nyuzi 10, rejeta hubeba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Kinachoipandisha oili hadi nyuzi 120 na zaidi ni mzigo mkubwa katika mwendo mdogo: lori lililojaa risasi na mahema likipanda kwa gia ya kwanza, au gari la deraya linalosindikiza msafara kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa magari ya kazi hiyo, mtengenezaji mwenyewe mara nyingi huruhusu namba ya juu zaidi, na huiandika kwenye jedwali la kitabu chake. Anayeona injini yake inachemka na kukimbilia oili ya 50 bila kulitazama jedwali hilo, ilhali rejeta imezibwa na matope, anaficha ugonjwa kwa kumvika mgonjwa blanketi.

Basi sheria ni kitabu cha gari. Land Rover za zamani za petroli, ambazo beringi zake zilikuwa na nafasi pana, ziliendeshwa kwa 20W-50 zikadumu. Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo vikosi vingi katika Afrika vinaifahamu, huchukua 15W-40 bila malalamiko. Lakini ziko pikapu mpya za dizeli ambazo vitabu vyake vinataka 5W-30 au hata 0W-30, na fundi mzee huziona namba hizo akacheka. Asicheke. Nafasi za beringi zake ni finyu zaidi, na ndani yake oili hutumiwa pia kusukuma vifaa vidogo vidogo ambavyo oili nzito huvichelewesha. Tena baadhi ya magari hayo yana chujio la masizi katika ekzosi. Oili ya kawaida ya malori, hata kama uzito wake ni sahihi, huacha majivu yanayoziba chujio hilo, na gari hupoteza nguvu hadi likasimama. Hayo huonekana katika herufi za pili za kopo, zile za API: S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na kadiri herufi inayofuata inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo ya karibuni. Kwa dizeli za mtindo wa Kimarekani, CI-4 ilitokea mwaka 2002, nazo CJ-4 ya mwaka 2006 na CK-4 ya mwaka 2016 ndizo zilizotungwa kwa kuyafikiria machujio ya masizi.

Pikipiki za doria tutazitaja kwa ufupi tu. Nyingi zina klachi inayoogelea katika oili ile ile ya injini. Zikitiwa oili ya gari ndogo yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi huteleza. Kopo lake sharti liwe na alama ya JASO MA. Basi.

Liko tatizo ambalo ni la majeshi hasa, na ambalo mafundi wa mitaani hawakutani nalo sana. Magari yetu yametoka pande mbili za dunia, na pande hizo mbili hazikuhesabu kwa namna moja. Warusi huandika namba ya oili kwa sentistoki zenyewe katika nyuzi 100. Kwa hiyo M-10, oili inayotajwa katika vitabu vya injini ya KamAZ-740, ile ambayo pia imetiwa katika malori ya Ural-4320, maana yake ni oili yenye takriban sentistoki 10. Mtu akirudi katika orodha ya SAE tuliyoitaja hapo juu ataona kwamba hiyo ni 30, wala si 10. M-8, ambayo vitabu hivyo huitaja kwa majira ya baridi, ni sawa na 20. Oili ya vifaru vya T-55, MT-16, huangukia katika 40. Mtunza ghala asiyelijua jambo hili atasoma "10" kwenye kibati cha lori, atakwenda kwenye rafu, atakuta pipa la SAE 10W lililoletwa kwa ajili ya mitambo ya haidroliki, na ataona kwamba amepatia sawasawa. Lori litaondoka na oili nyepesi mno, na litavunjika mlimani likiwa na dereva asiye na hatia. Dawa yake ni kibao kimoja cha mbao mlangoni mwa ghala, chenye safu mbili za namba, ya Kirusi na ya SAE, kilichopakwa rangi na fundi mkuu. Gharama yake haifikii bei ya ringi moja ya pistoni.

Mtego wa namba uko pia katika oili ya giaboksi. Askari huona 80W-90 akadhani ni mara mbili ya 40. Oili za gia zina kipimo chao wenyewe, ambacho kiliwekwa mbali na kile cha injini makusudi ili watu wasichanganye. 90 ya gia haipishani sana na 40 au 50 ya injini kwa uzito. Kinachozitenganisha ni dawa zilizomo. Dawa za oili ya gia hazikutengenezwa kwa ajili ya moto na masizi ya injini, kwa hiyo asiwepo wa kuitia huko hata kama ndiyo pekee iliyobaki.

Kwa ndugu zetu wa polisi tuna neno la pekee juu ya kuunguruma. Gari la kizuizi cha barabarani au la msafara wa viongozi huweza kusimama injini ikiwaka saa nne, na kipima kilomita hakisogei hata kidogo. Kwenye karatasi gari hilo linaonekana changa. Kampuni ya Ford, ambayo huuza magari mengi kwa polisi wa Marekani, imeshauri kwamba saa moja ya kuunguruma ihesabiwe kuwa kama maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Kwa hesabu hiyo, saa nne kila siku ni zaidi ya kilomita 200 ambazo hazikuandikwa popote. Tena kuunguruma hubadilisha uzito wa oili kwa njia mbili zinazopingana. Dizeli isiyoungua vizuri hupenya pembeni mwa ringi na kuilainisha oili, na masizi huifanya nzito. Dereva akiona oili kwenye kijiti imepanda ilhali hakuna aliyeongeza, na akiinusa ikatoa harufu ya dizeli, asilitoe gari hilo, aliripoti. Ama oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku chache, hilo si kosa. Imeyashika masizi yasiganda katika injini, na hiyo ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Zingatieni pia kwamba namba haidumu. Katika oili za namba mbili mna chembe ndefu ambazo hujikunja oili ikiwa baridi na kujikunjua ikipata moto, na ndizo zinazoifanya 20W ijihesabu kama 50 katika joto. Chembe hizo hukatikakatika kwa kusagwa na gia za pampu na beringi. Oili iliyotiwa ikiwa 50 yaweza kumwagwa ikiwa karibu na 40. Makamanda wanaosogeza mbele siku ya kubadilisha oili kwa kusema kwamba ilikuwa ya bei ghali hawajaambiwa jambo hili.

Limebaki swali ambalo askari wa safarini huuliza kuliko mengine yote: oili imeshuka chini ya alama, kambi iko mbali, na kopo lililopo ni la namba nyingine. Afanye nini? Aitie. Oili za injini zinazotimiza viwango vya API hutakiwa ziweze kuchanganyika, na injini yenye oili pungufu iko hatarini kuliko injini yenye oili isiyolingana. Achague iliyo karibu zaidi na ile ya kitabu, aitie kidogo kidogo huku akitazama kijiti, wala asipite alama ya juu, kwa kuwa krenki ikiipiga oili iliyozidi huijaza povu, na povu halibebi mzigo. Mafuta ya breki hayaingii katika hesabu hii kabisa. Kopo tupu alitoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa oili chafu na kuuzwa tena dukani kwa jina lile lile. Kisha katika kitabu cha safari aandike tarehe, kilomita, kiasi alichoongeza na namba zote mbili za kopo, ili fundi wa kambini ajue ni oili gani anayoimwaga na ni gari lipi la kulitangulizia zamu.